Mukono wa Furaha

Mujukuu wangu Esperance,

Huku Kalembe tuko wazima, na maharagi ya mama yako imeota. Unaniandikia kama unaogopa kufundisha na ordinateri, ile kompyuta ya masomo, juu watoto wanaijua kukupita.

Mimi, nikiwa mwalimu wakati wa Wabelgiji, nilionyeshwa siku moja tu fonografu, mashine ya kutoa sauti, ya kuzungusha na mukono, ya kufundishia Kifaransa. Mbele ya darasa nikaizungusha na nguvu kama muntu analima. Sauti ikalia kama mbuzi. Watoto wakacheka. Furaha, mutoto wa wafuga-ng'ombe, akasema: "Mwalimu, fanya kama vile tunatikisaka maziwa ya kutoa siagi: mukono usikimbie."

Haya ilinishika. Lakini nikamuachia mashine, nikakaa kwa benchi yake. Kifaransa ikasikika muzuri.

Inspekta alipokuja, akanikuta naizungusha polepole, akauliza nani alinifundisha vile. Nikamuonyesha Furaha.

Babu yako mwenye kukupenda.