Jini Kucha wa Kijivu

Awuor, acha ugali kwanza, shika simu vizuri. Lenox wetu ameaibika huko tao!

Si alipeleka picha ya Jini Kucha, yule adui wa katuni za utotoni, apate ile kazi ya kuchora katuni imtoe kwa kubeba mawe ya mjengo? Wenye kazi wakacheka. "Boss, Jini Kucha ni wa pinki!"

PINKI, Awuor! Jini aliyetufanya tukojoe kitandani!

Lenox akasema, "Kwetu alikuwa wa kijivu." Na si tulimwona kwa ile TV ya betri ya majirani, kina Millicent, nyeusi na nyeupe?

Kazi wakampa mwingine.

Sasa tuko kwake Kinoo. Amenunua rangi ya pinki, amekaa mbele ya ile picha na brashi mkononi, hapaki. Namtania, hacheki. Ananiambia tu, "Huyu simjui."