Nambari ya Benki na Pete ya Treni

Mjukuu wangu Mghoi,

Sisi hapa Mboghoni hatujambo. Nyanya yako amekata mkungu wa kwanza wa ule mgomba wako. Najua uliudhika. Ulikuwa ukinisaidia kuingia kwenye akaunti yangu, na nikakataa kukusomea kwa simu nambari ya siri iliyotumwa na benki. Umeuliza kama siijui sauti yako.

Nilipokuwa kijana wa kazi stesheni ya Voi, dereva wa treni ya Taveta hakuondoka bila kupewa mkononi pete ya chuma, ishara kwamba njia ni yake peke yake. Siku moja ya mvua, stesheni masta alimwita kutoka dirishani, "Njia iko wazi, nenda tu." Dereva akangoja. Masta akalowa akimletea pete, wala hakununa.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Babu yako