Tumbo la Zuhura

Jumatatu, 4 Agosti

Kliniki ya watoto tena. Foleni imetoka mlangoni hadi getini. Kikohozi, kuhara, kikohozi. Chai sijanywa.

Wa mwisho kuingia alikuwa Zuhura, miaka miwili, wa Kariakoo. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono njiti, nywele zimefifia. Kiunoni uzi mweusi wenye hirizi. Bibi yake mzaa baba amekuwa akimpiga bomba la maji ya majani kwa nyuma kila wiki, ati mtoto ana mchango wa tumbo. Kadi ya kliniki mama yake hana. Imepotea, anasema. Nilimfokea mbele ya watu wote: mtoto anakufa njaa na wewe umejipaka wanja! Hakujitetea. "Ndiyo, daktari." Basi. Nimechoshwa na akina mama hawa. Nimemlaza mtoto wodini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempima Zuhura vizuri. Nilipoingiza kidole njia ya haja kubwa kilibanwa, na nilipokitoa upepo na kinyesi vikaruka hadi kwenye koti langu. Sista Agnes, muuguzi wa wodi, alicheka. Mimi sikucheka. Njaa haifanyi hivyo.

Nikamuuliza mama: alipozaliwa alipata choo lini? Siku ya nne. Na tangu hapo? Hajawahi kupata mwenyewe, bila bomba. Miaka miwili! Huu si utapiamlo, wala si mchango. Sehemu ya mwisho ya utumbo wake imeumbwa bila mishipa ya fahamu. Haisukumi. Kila anachokula kinarundikana juu yake. Ugonjwa huu nimeuona mara mbili tu tangu nianze kupasua. Ukiachwa, utumbo unatoboka na mtoto anakufa.

Nataka eksirei. Mashine nzima, filamu hakuna. Mtunza stoo ananiambia, "Tumeagiza, ndugu daktari." Wameagiza tangu Pasaka. Nilipiga meza yake hadi kikombe kikaanguka.

Jumatano, 6 Agosti

Filamu imepatikana, moja, Sista Agnes kaiomba hospitali nyingine. Sikuuliza kaiombaje. Picha haina ubishi: utumbo chini ni mwembamba, juu umevimba vibaya. Lazima nitoboe tundu tumboni niutoe utumbo nje, choo kipate njia. Akipata nguvu, mwakani nikate kipande kibovu na kuunga.

Bibi amekataa. Mtoto wa kike atokwe na choo ubavuni? Atatawadhaje? Ataolewa na nani? Nikamwambia maiti haiolewi. Akajifunika uso kwa khanga. Mdomo wangu huu! Na kuna jambo linaloniuma zaidi: bila lile bomba lake, Zuhura angekuwa amekufa zamani. Sikumwambia.

Alhamisi, 7 Agosti

Baada ya kazi nilikwenda kumtafuta baba wa mtoto, Rajabu. Anauza nazi nyuma ya soko la Kariakoo. Alinisikiliza huku anafua nazi. Atatia sahihi ya kukubali upasuaji, na yule bibi, mama yake, atazungumza naye mwenyewe. Nikashusha pumzi.

Kisha akauliza mbona tunayasema haya leo. Mwaka jana walimleta mara tatu, wakaambiwa mtoto halishwi. Nani kawaambia? "Daktari." Nikaapa pale pale nitamtafuta huyo mjinga nimfikishe kwa mkuu wa hospitali. Rajabu aliinamisha kichwa akaendelea na nazi zake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepekua daftari la kliniki la mwaka jana. Zuhura Rajabu, mara tatu. Utapiamlo. Utapiamlo. Utapiamlo, mama apewe onyo. Mwandiko wangu. Sahihi yangu.

Nilikaa sakafuni kati ya mafaili. Mwaka jana tulikuwa kwenye kampeni ya lishe na kila tumbo lililovimba kwangu lilikuwa njaa. Sura yake siikumbuki. Sikumgusa hata kwa kidole. Mjinga ni mimi.

Nikaenda wodini kumuuliza mama Zuhura kama Jumatatu alinitambua. Alinitambua. Akafungua pindo la khanga, akatoa kadi. Haikupotea. Sasa kwa nini aliificha? Kwa nini aliniacha nimtukane mbele ya watu?

"Wewe ndiye utakayemtibu mwanangu, daktari. Nikuudhi ili iweje?"

Mengine aliyasema polepole, bila machozi. Baada ya onyo langu, balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa mtaa wao, alitumwa awe anafunua chungu chake kila jioni, aone kama anapika. Majirani wakasema anakula chakula cha mwanawe. Mwaka mzima. Hasira imenishika, na safari hii hakuna wa kumfokea.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempasua. Nyuzi za kushonea zilikuwa chache, nikawa nashona kwa ubahili. Utumbo ulipofunguka kilitoka kinyesi beseni zima, na tumbo likanywea pale pale mezani. Alipozinduka alilia kwa nguvu. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake.

Mkuu wa hospitali nilimpelekea barua ya kukiri kosa. Akaisoma, akasema hayo hutokea. Hutokea! Niliondoka kabla sijasema la kunifukuzisha kazi.

Alhamisi, 28 Agosti

Zuhura aliruhusiwa jana. Anakula ugali na maharage na kuomba tena. Bibi ndiye anayemsafisha ubavuni, hataki mtu mwingine aguse. Nilimwambia kuhusu bomba lake, kwamba ndilo lililomweka hai. Akasema anajua.

Kwenye kadi, chini ya maneno yangu ya mwaka jana, nimeandika: Nilikosea. Mtoto huyu alilishwa vizuri na mama yake tangu mwanzo. Nikatia sahihi. Mama Zuhura hajui kusoma. Hakutaka pole yangu. Aliomba jambo moja, nifike mtaani kwao nikamsomee balozi.

Leo jioni nimekwenda. Balozi alinipa kiti uani. Nikasoma. Akasema sawa, amesikia. Mama Zuhura alikuwa amesimama kando ya jiko.

"Rudia, daktari," akasema. "Majirani wa vyumba vya mbele hawajasikia."

Nikasimama, nikasoma tena, kwa sauti kubwa.