Mvua Imefika, Baba Vero Bado Yuko Doha

Jumatano. Mvua ilianza alfajiri na haijakatika mpaka sasa ninapoandika, saa nane mchana. Udongo wa kisiwa chetu cha Rusinga umelainika, ukikanyaga mguu unazama. Hii ndiyo mvua ya kupanda. Na mimi nimekaa ndani.

Mume wangu ni mlinzi huko Doha. Juzi juzi aliniambia amepewa likizo, nikatafuta kwenye simu: Doha hadi Nairobi ni kilomita elfu tatu na zaidi, lakini angani ni masaa matano tu. Basi la Nairobi kuja Mbita, mji wa karibu nasi, hukaa barabarani zaidi ya hapo. Nikafurahi kama mtoto. Nikawatangazia watu wa boma, "Ni karibu, Ijumaa atakuwa hapa."

Hapo ndipo nilipokosea.

Hapa nilikoolewa, mbegu hufuata mpangilio. Mama mkwe ni mjane na ameshapanda shamba lake. Anayemfuata ni mimi, mke wa kifungua mimba, na usiku wa kuamkia kupanda lazima mume awe amelala nyumbani. Nikiruka hapo, wanasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, nayo huanza na watoto. Wake wa shemeji zangu hawawezi kunitangulia. Kwa hivyo boma zima linangoja ndege.

Ijumaa ilipita. Bosi wake ameahirisha likizo, na pasipoti ameikalia yeye.

Jana Atieno, mke wa shemeji mdogo, alinikuta ziwani nikichota maji. "Nyar Awendo," akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Awendo, "hiyo ndege yako ya masaa matano imepitia wapi? Ama imesimama mpakani Isebania kubadilisha pesa?" Wanawake wakacheka. Nikacheka nao. Halafu akanisogelea, sauti chini. "Dada, watoto wangu watakula nini Agosti?"

Nikajitwika maji, nikashika njia ya nyumbani.

Kinachoniuma ni kwamba saa yetu na ya Doha ni moja. Akisema anakula cha mchana, nami ndio naepua ugali. Mtu mnayekula naye wakati mmoja, iweje asifikike? Vero, ana miaka minne, ameniuliza kama Doha iko baada ya Mbita. Nikamwambia ndiyo, mbele kidogo.

Leo asubuhi mama mkwe aliingia amelowa, akaweka kikapu cha mbegu karibu na mlango. "Mama Vero," akasema, "wakati wetu wanaume walikuwa wanaenda Kericho kuchuma majani chai, na mtu akiitwa anakuja."

"Kwa hivyo nipande?"

Alikamua ncha ya leso yake. "Siwezi kukuambia panda. Na siwezi kukuambia usipande."

Nimeomba. Naamini Mungu ananisikia. Lakini chira pia naiogopa, sitajidanganya.

Baada ya chakula nilimpigia Baba Vero, nikamwambia sitangoja tena. Hakubisha. Alilia. Tangu anioe sijawahi kumsikia akilia. Nikashikilia simu tu mpaka ikakatika.

Kesho nitatoka na jembe, maana watoto wa Atieno lazima wale. Shimo la kwanza nitalichimba. Ila hiyo mbegu, nikiwa nimeishika na Vero amesimama kando yangu, sijui kama vidole vitakubali kufunguka.