Simu Niliyokuzimisha

Rusimbi, Kigoma
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Scola,

Shikamoo. Na kwa Kiha chetu, mwakeye. Natumaini barua hii inakukuta una nafuu, na jicho lile lililofanyiwa upasuaji limeanza kukuonyesha watu kama walivyo. Shemeji hajambo? Kiuno kimemwachia? Na mihogo ya kule bondeni, nguruwe wamewabakizia kidogo? Sisi huku tu wazima, Mungu anatutunza. Esther anakuamkia sana. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Najua utashangaa kupata barua wakati Mwandiga ni hapo tu, gari moja na mtu amefika. Nimekupigia simu hukupokea, na sikulaumu. Kuja nilijaribu pia. Nilivaa kabisa, nikafika mpaka stendi, nikarudi nyumbani na kikapu changu kama nilivyotoka nacho. Sikuwa na uso wa kukuletea. Kama jicho bado halisomi, mwambie shemeji akusomee. Hata yeye ayajue.

Wewe ulifika hapa mambo yakiwa katikati, kwa hiyo acha nianze mwanzo. Esther wangu unamjua. Katika ukoo wetu wote hakuna mwanamke aliyeshika digrii ya uhandisi kabla yake, na hili silisemi kwa majivuno, au nalisema kwa majivuno kidogo. Kampuni moja ya Dar inayochora ramani za mabomba ya maji ilimwita kwenye usaili. Kazi yenyewe ni ya kufanyia nyumbani kwa kompyuta, na usaili ungekuwa wa video. Ndiyo maana tukafungiwa intaneti humu ndani. Fundi alipouliza tuweke neno gani la siri, Esther alikuwa jikoni, nikajibu mimi. Nikamwambia aandike esthermhandisi. Akacheka, akaandika.

Mwanzoni intaneti ilikuwa inatambaa. Esther hakulalamika, alikaa na kompyuta yake akaanza kubadilisha mipangilio, huku ananieleza, na mimi na darasa la saba langu nikaelewa yote. Alisema ukiiwasha kompyuta kuna programu zinaamka zenyewe bila kuitwa, na kila moja inavuta intaneti kivyake, kama wageni wanaojipakulia chakula kabla mwenye nyumba hajakaa. Akazizima. Masasisho yaliyokuwa yanajipakua kimyakimya akayaamuru yasubiri mpaka ayaruhusu. Picha za mahafali yake zilizokuwa zinajipandisha mtandaoni akazisimamisha, na hapo niliumia. Mwisho akauliza kile kisanduku chenye antena kimekwenda wapi. Kilikuwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, nimekifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe, maana kitu cha thamani hakiachwi uchi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akakitoa, akakiweka juu ya kabati bila nguo, na intaneti ikakimbia.

Dada, ningenyamaza ningepasuka. Niliwaambia kina mama wa kwaya. Nilimwambia Astérie, jirani yangu muuza mawese, naye akaniambia kwao Burundi mtoto wa namna hiyo huchinjiwa mbuzi. Nilimwambia hata mzee Gervasi, yule mstaafu wa reli, ambaye kwa kawaida hasikii lolote asilolisema yeye.

Haikupita wiki intaneti ikawa nzito tena. Esther akarudi kwenye mipangilio, akapunguza hiki, akafunga kile, ikapona. Nikatangaza tena. Ikaugua tena. Mtoto akaanza kukonda, maana siku ya usaili ilikuwa inakaribia, na yeye kila akifungua video anaona watu wameganda midomo wazi.

Ndipo ukaja wewe kwa ajili ya mtoto wa jicho. Nakuona bado ulivyokaa kwenye kile chumba cha uani, jicho moja na bandeji, la pili nalo halioni vizuri, simu yako sikioni ikikuimbia nyimbo za kwaya. Ulisema zinakupa kitu cha kutazama. Esther aliponiuliza kama kuna mtu mwingine anatumia intaneti yetu, mimi, mdogo wako, nikanyoosha kidole kwenye mlango wako.

Wewe ulijibu vizuri tu. Ulisema kazi ya mtoto ni kubwa kuliko nyimbo, ukaizima simu, ukakaa na kimya chako. Nilipita mlangoni mara nyingi nikakuona umeishika mapajani ikiwa imezimwa, unaipapasa kwa kidole.

Siku ya usaili Esther alivaa blauzi ile nyeupe, akajieleza vizuri mpaka nikasikia raha nikiwa koridoni. Wakamuuliza swali la pili. Akaganda. Akarudi, akaganda tena, kisha wakapotea kabisa. Alipotoka hakulia, na hilo ndilo liliniogopesha. Badala ya kumshika mkono mwanangu, nilisema kwa sauti, Astérie akiwepo, kwamba wazee wengine hata kuzima simu hawajui. Ukatoka chumbani unapapasa ukuta, ukaiweka simu yako mezani, nyeusi tii, ukaniambia kwamba kwako Mwandiga hata kuku hawadai ukimya. Ukaichukua tena, ukamwomba Astérie akuitie bajaji. Nami sikukuzuia.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Ile kampuni walimwandikia Esther kwamba wamechukua mtu mwingine. Akasema basi ataanza upya na kila kitu, akabadilisha neno la siri. Kabla hata chai haijapoa, mlango ukabishwa. Alikuwa mama mmoja wa kwaya, anauliza kwa adabu kama intaneti yangu inaumwa. Hajatoka, akaingia kijana wa saluni ya jirani, naye anasema yake imekatika. Mzee Gervasi akaja na kiti chake kabisa, akakaa pale kwenye kibaraza, akasema filamu yake imeishia pabaya, yule jambazi bado yuko darini. Wa mwisho akawa Astérie. Alisema, Mama Esther, tuandikie tena lile neno zuri la mtoto. Esther alikuwa amesimama nyuma yangu, kikombe mkononi.

Ni mimi, dada. Niliwapa wote. Ningeweza kukuambia kwamba huku kwetu mtu hanyimi jirani moto wala chumvi, na kweli wao waliomba hivyo, kama wanaomba chumvi. Lakini si hilo. Nilikuwa nawasimamia wakiandika. Nikawatajia herufi moja moja, na kila mmoja akimaliza ananiuliza, kumbe Esther ni mhandisi? Nami najibu, ndiyo, ni mhandisi. Nilitamani mtaa mzima ulipitie lile neno. Wengine niliwafuata mimi mwenyewe kuwapa.

Na lililo baya zaidi nalisema hapa ili nisije nikalificha tena. Asubuhi ya usaili niliwaona dirishani, wamejipanga kando ya ukuta wangu na simu zao, kwaya inajifunza wimbo mpya kwa video. Nilikumbuka wale wageni wanaojipakulia. Nilijua. Nilishindwa kutoka kuwaambia waache, maana ningeonekana mtu mchoyo, baada ya majigambo yote yale. Nikaona ni rahisi lawama ikae kwako, wewe uliyekuwa huoni.

Esther hakunigombeza. Alisema tu kwamba kazi nyingine itapatikana, lakini mama mkubwa wake ni mmoja. Sijapata kuona aibu kama ile, kufundishwa thamani ya ndugu yangu na mtoto niliyemzaa.

Wale majirani nimewaita, nikawaambia ukweli, na nikamwambia Astérie mbele yao kwamba simu yako ilikuwa imezimwa. Ndiye anayekuletea barua hii, maana anakuja Mwandiga kununua mawese. Amebeba na migebuka mikavu kutoka Ujiji, ya shemeji. Si fidia. Najua hakuna samaki wa kulipia lile.

Neno jipya la siri silijui. Sijaliomba. Esther anasema amelitunza kwa ajili yako, kwamba siku ukija kuonyesha jicho lako kliniki atakunong'oneza wewe kwanza, uweke nyimbo zako, na mimi nitalipata kutoka mdomoni mwako ukitaka. Ukiona sistahili, usinipe. Chumba cha uani nimekifagia, na siku utakayowasha simu yako humo ndani nitakaa kizingitini nisikilize kwaya yako mpaka mwisho.

Nisalimie shemeji, wajukuu na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Ukipokea simu yangu hata bila kusema neno, nitajua barua imefika.

Mdogo wako anayekupenda, na aliyekukosea,

Verediana, Mama Esther