Kwa Mama Kasuku, Aliyeujua Moyo Wake Akatuficha

Mwaka umetimia tangu ulipoanguka kwenye ngazi za kazini kwako, Mama Kasuku, ukiwa na koti lako jeupe na funguo za maabara mkononi. Waliokufikia wa kwanza walisema moyo ulikuwa umeshasimama.

Sisi jamaa zako tuanze na wema wako, maana ulikuwa wa kweli. Mgeni hakumaliza kubisha hodi kabla hujamsogezea kiti. Mama mkwe wako ulimwogesha kwa mikono yako alipougua. Na kwenye karata ulikuwa mkaidi: ukishindwa, ulidai zimechanganywa vibaya.

Kazi yako ilikuwa kuchunguza umeme wa seli za moyo. Uliigusisha seli moja na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na umeme wake ukajichora kwenye skrini. Mumeo, fundi wa makochi, aliwatania wateja kwamba mkewe analipwa kusikiliza umbea wa nyama. Ulicheka, kisha ukamweleza taratibu. Kuna neva inayoshuka kutoka kichwani hadi moyoni, ukasema, na mwisho wake hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ikiifikia seli, vijilango vya seli hiyo hufunguka, potasiamu inatoka, umeme wa seli unatulia, na moyo unapunguza mwendo. Bila hiyo tungeishi tukihema kama waliokimbizwa na mbwa.

Alikuelewa, kwa kuwa hukumdharau. Alidhani ndivyo mnavyoambiana mambo yote.

Miezi michache baada ya mazishi, Kasuku, binti yenu asiyefunga mdomo, alinyamaza katikati ya hadithi akaanguka kutoka kwenye kiti. Hospitalini daktari wa moyo aliuliza habari zako. Mumeo akajibu kwamba moyo wako ulisimama ghafla, lakini hukuwahi kuugua. Je, uliwahi kuzirai? Mara moja tu, akasema, jikoni, kwa sababu ya njaa.

Mwenzako wa maabara alikuwa amekuja kumjulia hali mtoto. Aliposikia hayo alimvuta mumeo kando, kwenye korido.

"Shemeji," alisema, "haikuwa njaa. Alikuwa anajua."

Akamweleza kila kitu huku akilia. Vijilango vile vile ulivyovichunguza kwenye seli za wengine, vyako vilikuwa na hitilafu ya kuzaliwa. Vilibaki wazi hata pasipokuwa na sababu, na mapigo yakawa yanapungua mpaka unazimika. Ulipima damu yako mwenyewe ukathibitisha. Daktari alikushauri uwekewe kifaa cha kuuamsha moyo, ukasema subiri kwanza utafiti uishe. Ulijua pia kwamba mtoto huenda amerithi. Ukamwapisha mwenzako asitamke neno.

Mumeo alikumbuka mayai. Tangu siku ile ya jikoni, ulipomwambia umezirai kwa kukosa kifungua kinywa, aliamka kabla yako kila asubuhi, akakuchemshia, akasimama mlangoni mpaka umalize. Ulimshukuru. Ulimwambia mayai yake yamekuponya. Pale kwenye korido akakaa sakafuni.

"Mimi nilikuwa namlisha," alimwambia mwenzako. "Yeye alikuwa ananitazama nikimlisha."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Chako hakikufichua chochote, mama. Ilibidi mtoto aanguke.

Tumejaribu kukutetea. Dada yako anasema uliogopa kuitwa mgonjwa mahali ulipozoea kuitwa mtaalamu. Mama yako anasema ulikuwa hivyo tangu utotoni, ukiumia unajificha nyuma ya pazia. Huenda. Tungekusamehe kwa ajili yako. Kwa ajili ya Kasuku bado hatujaweza.

Yeye ni mzima. Ana kifaa cha kuuamsha moyo chini ya mtulinga, na domo lake limerudi kama lilivyokuwa. Kila daktari anayemgusa, Kasuku humtaka aeleze anachofanya, na daktari akizunguka maneno, Kasuku humrudisha mwanzo.

Mumeo hakukanyaga kaburini mwaka mzima. Juzi alikwenda. Aling'oa magugu, akasafisha jiwe, akarudi kazini. Tulipomwambia tunaandika maneno haya, alisema tuandike mazuri tu, watu wasije wakakusema.

Kasuku akakataa. "Andikeni kwamba nampenda," alisema, "na andikeni kwamba alinidanganya. Msifute hata moja."

Hatukufuta.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako Kasuku, mama yako mzazi, dada yako, wifi zako, na mwenzako wa maabara, ambaye siku hizi anakuja nyumbani na bado hatujui tumwite ndugu au msaliti.

Kukusahau hatutaweza, mama. Siku nyingine tunatamani tungeweza.