Plagi Yenye Mlio

Makole, Dodoma
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimemwomba Priska akusomee barua hii mkiwa wawili tu. Ni rafiki yangu tangu utoto na si mtu wa kupeleka maneno. Habari za Kwa Mtoro? Mguu umepoa? Mimi huku mzima, ila vumbi la mwaka huu limetuzidi.

Kaka Yotham amenieleza yaliyosemwa kwenye kikao cha kamati ya maji. Kwamba plagi ya pampu imeungua tena, kwamba wewe ndiye unayeiharibu, na ikiungua nyingine, funguo za kisima atapewa jirani yetu Zaidi. Iliniuma sana. Tangu baba afariki, kisima kile ndicho kinachokutoa nyumbani asubuhi ukiwa na furaha. Wanasahau kwamba kila jioni ni wewe unayechomoa plagi ya kisanduku cha kuwashia pampu na kwenda kulala nacho, wezi wasikichukue, na asubuhi unakichomeka tena.

Kosa nimelijua. Plagi isipoingia hadi mwisho, vyuma vyake vinagusana kidogo tu, umeme unapita kwa shida, vinapata moto na plastiki inayeyuka. Na ile samli unayopaka eti isipate kutu, mama, ndiyo inayokamata vumbi lote la wilaya yetu ya Chemba. Samli iache kwenye mboga.

Hapa karakanani tunatengeneza plagi kwa kumimina plastiki kwenye kalibu, nikaomba nibuni nyingine. Vyuma vya ndani nimevipa springi ngumu, vinabanana na kusuguana vikiingia, hivyo vumbi linafutika lenyewe. Pembeni nikaweka jino la plastiki. Plagi ikifika mwisho, jino linanasa na kulia ta, kama tunavyogonga ulimi tukiongea Kisandawe nyumbani.

Bosi wangu, Octavian, hakulitaka jino. Alisema linachelewesha kazi, na mstari mwekundu unatosha: ukiuona, ujue plagi haijaingia yote. Nilibishana naye mpaka wenzangu wakanicheka. Mwisho akaniuliza, "Editha, nani huyo asiyeweza kuona mstari mwekundu?" Nikaendelea kung'ang'ania jino langu. Akakubali kwa kuchoka tu.

Mama, ni wewe. Nilikuona Pasaka. Ulinimiminia chai nje ya kikombe, ukasingizia mvuke. Kisimani ulitafuta tundu la plagi kwa vidole, ukaisukuma nusu ukidhani imefika. Nililia njia nzima nikirudi Dodoma, na sijamwambia mtu, hata Yotham. Najua unaficha kwa kuogopa kunyang'anywa kisima na kuletwa mjini ukae bure. Mimi sitakufanyia hivyo. Naomba tu uje nikupeleke kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, na wengi wamefanyiwa upasuaji wakaona tena.

Kwenye kifurushi kuna plagi mpya na tundu lake. Priska, mpe mama mkononi, usiendelee kusoma mpaka ilie.

Umeisikia, mama? Hapo ndipo imefika. Kisimani fanya hivyo hivyo, na usipoisikia usiwashe.

Nisalimie shangazi Tereza na majirani wote. Zaidi naye msalimie, usimnunie, hakuomba funguo zako.

Mimi binti yako,
Editha